YAH: MALALAMIKO YA KUFUNGULIWA KWA PROGRAMU YANGU KWENYE SEVA YENU YA PAMOJA

Kwa Meneja,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili nimezichana kwa sababu nilitaka kuongea na ofisi yako kwa heshima. Hii ya tatu naileta kama ilivyo.

Mimi ni mteja wenu wa mwaka wa sita na sijawahi kuchelewesha ada hata siku moja. Mlipohamisha wateja kwenda seva mpya ile Ijumaa usiku sikunung'unika. Jumamosi asubuhi programu yangu ya mizani na malipo ya wakulima wa kahawa ilikataa kufunguka, nikaandika tiketi, yaani ombi la msaada kwa mafundi wenu, nikajibiwa baada ya saa mbili: "Tayari, mama. Jaribu." Nikajaribu, ikafunguka. Nikawashukuru. Mpaka leo inaniuma kwamba niliwashukuru.

Fundi wenu alipitisha amri moja ya chmod, inayobadili ruhusa za faili, juu ya folda zangu zote na kuweka 777. Hilo halihitaji kuelezwa kwa kampuni inayouza nafasi kwenye seva, lakini kwa jinsi nilivyojibiwa kaunta, nitalieleza. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1; vyote vitatu pamoja ni saba. Saba ya kwanza ni ya mwenye faili, ya pili ni ya kundi lake, ya tatu ni ya kila mwenye akaunti kwenye seva ile. Mimi nilikuwa nimefunga folda kwa 700 na faili kwa 600. Yaani mimi tu. Programu yangu imeandikwa kwa PHP, lugha ambayo faili lake ni maandishi ya programu yenyewe. Anayeweza kulisoma faili ameshaichukua programu nzima, hakuna cha kuvunja wala kubomoa. Na ndani ya faili la mipangilio limo neno la siri la hifadhidata yenye majina ya wakulima, kilo walizoleta na mkopo wa mbolea wa kila mmoja.

Tena tatizo la Jumamosi halikuwa ruhusa. Mlinakili faili zangu zikabaki kwa jina la fundi aliyezinakili, ndiyo maana programu ikanyimwa kusoma faili zake yenyewe. Dawa ilikuwa kurudisha umiliki kwa chown, amri ya kubadili mwenye faili, kazi isiyofika dakika. Badala yake mkang'oa mlango kwa sababu ufunguo haukuingia.

Nilipogundua nikataka kufunga mwenyewe. Haikuwezekana. Anayebadili ruhusa ni mwenye faili au root, yaani msimamizi mkuu wa seva, na mimi sikuwa tena mwenye faili zangu. Ndipo nikaja ofisini kwenu, na hapo ndipo penye barua hii.

Nilikuja Jumatano saa nne asubuhi na katibu wa chama cha msingi cha wakulima hao, mzee aliyepanda daladala kutoka Mbeya Vijijini kuja kusikia kwa masikio yake kwamba data za wanachama zitafungwa. Foleni ilikuwa na watu kama wanane. Nikamweleza kijana wa kaunta taratibu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Mama, kama ni siri mbona umeiweka kwenye seva ya watu?" Nikamjibu kwamba nalipia nafasi yangu. Akageuza kioo cha kompyuta kikatazama foleni, akaingia kwa akaunti yenu ya majaribio, siyo yangu, akafungua folda yangu, akafungua faili la madeni nililolitoa kwa ajili ya kuchapa kwenye karatasi, akasoma mstari mmoja kwa sauti: jina, kilo, deni. "Si unaona inafunguka vizuri? Haina shida." Watu wakacheka.

Kabla ya hapo, nilisahau kuliandika hili, Jumatatu yake mteja wangu mwingine wa Tukuyu alinipigia kuniambia ameletewa programu kama yangu kwa nusu ya bei. Nikamwomba anitumie picha ya ukurasa wa mapokezi. Neno "mapokzi", nililolikosea tangu mwaka wa kwanza na sijawahi kulirekebisha, lipo vilevile. Anayeiuza sitamtaja hapa, lakini naye ana akaunti kwenye seva hiyohiyo. Kabla hamjatuhamishia seva mpya hakuwa na njia ya kuiona. Namba zilizokuwa zinamzuia mmeziondoa ninyi.

Nirudi kaunta, kwa sababu kwenye majibu yenu ya baruapepe mmeandika kwamba mhudumu "alikuwa anamsaidia mteja". Anamsaidia! Aligeuza kioo kwa mkono wake. Nilimwambia, "Mwanangu, zima hiyo, ni taarifa za watu," akaendelea kushusha ukurasa. Na ule mstari aliousoma, Ndugu Meneja, ulikuwa wa mke wa katibu niliyekuja naye. Deni lake la mbolea lilisomwa mbele ya watu wanane huku mume wake amesimama ameshika kofia. Mzee hakugomba. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Binti yangu, haya ndiyo tuliyokupa ututunzie?" Sikuwa na jibu. Mpaka tunafika Mwanjelwa hakuniambia neno jingine.

Usiku ule nilinakili faili zangu upya ili ziwe kwa jina langu, nikafuta za zamani, nikafunga kwa 600. Folda kuu bado ni ya fundi wenu na bado ni 777, na ruhusa ya kufuta hutoka kwenye folda, siyo kwenye faili. Maana yake jirani yeyote hawezi tena kusoma lakini anaweza kufuta. Nimeandika tiketi nne. Zote mmezifunga mkiandika "imetatuliwa".

Ninachodai: umiliki wa folda kuu urudi kwangu leo. Kumbukumbu za seva za kuanzia ile Jumamosi, zinazoonyesha akaunti zilizoingia, zihifadhiwe na nipewe nakala. Mje chamani kuomba radhi mbele ya wanachama, siyo kwa baruapepe, na yule kijana awepo. Ada ya mwaka huu irudishwe. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini chama kimeshaniandikia kwamba kinafikiria kuvunja mkataba, kwa hiyo nadai pia fidia ya mkataba huo, na ya ule wa Tukuyu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na mnajua inavyosema kuhusu anayetunza taarifa za watu wengine. Programu ya kompyuta nayo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nimeshaliandika, lina picha na tarehe zote.

Mwanzo nilikusudia kuwapa siku 14. Wakati naandika barua hii imeingia baruapepe yenu ikinikumbusha kulipia mwaka ujao. Nawapa siku 7. Siku ya nane lalamiko linakwenda Tume, na mwanasheria wangu ataongea na ninyi mahakamani.

Wenu,

Mteja wenu, Mbeya.

Nakala: Katibu wa Chama, Mwanasheria.