Mdogo wangu hajui kusema "jino linauma"

Mhariri,

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, na ana ulemavu wa akili. Masika ya mwaka jana alianza kuisukuma sahani ya ugali. Akawa anataka uji tu, tena uliopoa, na usiku anajigonga shavu la kulia kwenye fremu ya mlango. Tukampima malaria, hana. Jirani akasema karogwa, shangazi akasema kadekezwa. Siku ya tisa alipiga mwayo karibu na taa, ndipo mama akaona fizi imevimba na kutunga usaha.

Hospitalini tuliambiwa neno moja: "Mshikeni." Wanaume wanne wakamshika, meno mawili yakang'olewa. Maswali yote daktari aliniuliza mimi, mgonjwa kama hayupo. Simlaumu sana, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Ila tangu siku hiyo, akiona mswaki tu anaufunika mdomo kwa mikono miwili.

Kinachoniandikisha barua hii ni ile miaka yote kabla ya kung'oa. Alipokuwa kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu katika shule ya msingi, watu wa meno walipita mara mbili tatu. Alipomaliza, basi. Hakuna tena aliyemwambia "fungua mdomo", ingawa kila mwezi tunakwenda kliniki kuchukua dawa yake ya kifafa. Na dawa yenyewe ni fenitoini, inayojulikana kwa kukuza fizi mpaka zikafunika meno, hasa penye ukoga. Sisi tulidhani ndivyo alivyoumbwa! Tochi ya simu na nusu dakika ya yule anayeandika dawa vingetosha kumwambia mama, "Mpeleke akasafishwe meno."

Husemwa kwamba watu kama yeye hawatibiki meno bila nusu kaputi, na nusu kaputi maana yake ni hospitali kubwa, nauli na pesa. Wapo wanaoihitaji kweli, lakini si wote. Siku ile mdogo wangu alianza kutetemeka tukiwa bado kwenye benchi, aliposikia mlio wa mashine chumba cha pili. Na ni hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ilipoanzia mbinu ya kuziba meno bila mashine wala umeme: tabibu anakwangua kwa kifaa cha mkono sehemu iliyooza, kisha anaziba kwa saruji ya meno. Nchi nyingi zimeichukua. Kwa nini sisi wenyewe hatuambiwi kwamba ipo?

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga vitita vya bima hiyo, yaani huduma zitakazolipiwa, waweke ukaguzi na usafishaji wa meno kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili, na waruhusu hudhurio la kwanza lisilo na tiba yoyote: mtu akae kwenye kiti, akishike kile kioo kidogo, aage, arudi nyumbani. Anayelipwa kwa jino alilong'oa hawezi kutumia asubuhi yake kwa kazi hiyo asipolipwa.

Nyumbani tumegundua kwamba anakubali kusuguliwa meno iwapo na yeye anamsugua mama wakati huo huo. Wanakaa uani wakitazamana, kila mmoja na mswaki mdomoni mwa mwenzake, povu likiwachuruzika mpaka kifuani. Mama ana miaka 68.

Dada mtu,
Morogoro