Mchango wa miti mipya barabarani kwetu

Wazee wetu shikamooni, majirani wengine habari za jioni.

Afisa misitu amepita mtaani kwetu Shantytown na kuthibitisha: ile mijakaranda iliyokauka matawi imeoza shinani, haiponi. Tukishapata kibali cha kuikata, kupanda mipya ni juu yetu.

Najua wengi mnataka jakaranda tupu tena. Hata mimi naipenda Oktoba barabara ikiwa zambarau. Lakini aina moja ikijipanga mstari mzima, ugonjwa mmoja unatosha kuimaliza. Miaka ya 1980 vidukari waliingia Afrika Mashariki wakakausha saiprasi mashambani. Marekani, mdudu aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 ameua mamilioni ya miti ya jamii moja, ikiwemo mingi ya mitaani. Kanuni inayotumika sana mijini ni aina moja isizidi asilimia 10 ya miti yote.

Napendekeza mringaringa (nyuki wanapenda sana maua yake), mruka, mkangazi na jakaranda chache. Msesewe pia, ila tukubaliane kabisa: hakuna kubandua magome yake ya kutengenezea mbege (pombe ya ndizi) mti ukiwa bado mchanga.

Mchango ni shilingi 20,000 kwa kaya. Miche yenyewe si ghali. Pesa nyingi itakwenda kwenye vizimba vya kuzuia mbuzi na maji ya kiangazi, maana miche mingi hufa kwa kukosa hivyo viwili. Mtumieni mweka hazina kabla ya mwisho wa Februari, tupande masika yakianza. Ambaye hali hairuhusu, achukue zamu ya kumwagilia, nayo ni mchango kamili. Wa zamu waandike majina hapa chini.