Kwenu Mnaojitafuta

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasikia mkisema mnataka kujitenga kwanza, mzime simu, mjijue nyinyi ni nani, ndipo mrudi kwa watu. Simu zimeni. Ila hilo la mtu kujikuta akiwa peke yake lina walakini, wala si mimi wa kwanza kulitilia shaka.

Mwanafalsafa Mfaransa Descartes alishatuambia mwaka 1637 kwamba anayefikiri hana budi kuwa yupo. Haya, yupo. Lakini ni nani? Mwaka 1739 David Hume, mwanafalsafa Mskoti ambaye hata miaka 30 alikuwa hajatimiza, alijichungulia ndani akimtafuta huyo "mimi". Alikuta joto na baridi, mapenzi na chuki, uchungu na raha. Mwenye navyo hakumwona. Wabudha walikuwa na fundisho linalokaribiana na hilo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Basi ukijichimba usikute kitu, usidhani umepungukiwa.

Aliyenisaidia zaidi ni Charles Cooley, mwanasosholojia wa Marekani. Mwaka 1902 aliandika kwamba wenzetu ni kioo tunachojitazamia. Wengi huishia hapo, na utamu wote uko mbele. Kwanza, alisema, nawaza ninavyoonekana kwako. Kisha nawaza umenihukumuje. Mwisho ndipo naona fahari au haya. Tazameni vizuri: hatua mbili za mwanzo ni makisio matupu! Mtu aliyeacha kuimba kwa kuhofia "watu wataniona vipi" alimwuliza nani? Huenda hao watu nao walikuwa wameshughulika kuyaogopa macho yake. Aibu mnayobeba ni ya kweli, lakini hukumu iliyoizaa huenda haikutolewa na mtu yeyote.

Sasa nije kwetu wazee. John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba mtu yupo kwa sababu watu wapo. Maneno mazito hayo, nami nayaamini; ila tumezoea kuyageuza rungu la kumnyamazisha kijana. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, alikubali kwamba jamii humjenga mtu, akakataa kwamba humjenga mzimamzima. Mtu ana akili yake, na anaweza kuyapima anayorithishwa, mengine akayakataa. Mimi niko upande wa Gyekye. Akikuambia mtu "sisi hatuko hivyo", mwulize sababu, kwa adabu, na usubiri jibu. Pengine analo.

Mnaouliza muanzie wapi, kila mmoja amwendee mtu ambaye amekuwa akiyahofia macho yake, amwulize waziwazi: unanionaje? Wengine mtagundua hajawahi hata kuwawazia. Wengine ataguna, kisha awaambie jambo chungu mnalolijua tayari. Hapo msibishane naye siku hiyohiyo. Kaeni nalo kwanza, halafu mrudi kwake na maswali.

Mzee wenu