Ferrari haikukosea kupunguza kasi ya umeme

Mhariri,

Wapo wanaodai kwamba Ferrari imeingiwa na woga, kwa kuwa Oktoba 2025 ilitangaza kwamba ifikapo 2030 magari ya umeme yatakuwa asilimia 20 tu ya aina za magari yake, ilhali mwaka 2022 ilikuwa imelenga asilimia 40. Naomba kutofautiana nao.

Kampuni iliyouza magari 13,752 katika mwaka mzima wa 2024 haishindani na viwanda vinavyouza mamilioni. Inachouza ni uhaba, pamoja na mngurumo wa injini ya silinda 12 ambao betri, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiutoi. Hata Purosangue ya milango minne, iliyowaudhi wahafidhina mwaka 2022, ilipewa injini hiyo hiyo, na kampuni ikaahidi kwamba haitazidi asilimia 20 ya mauzo. Wawekezaji, ambao hisa zao zilishuka kwa takriban asilimia 15 siku ya tangazo, wana haraka zao.

Ninaloliona zito zaidi ni umri wa betri. Ferrari ya miaka ya sitini hutengenezeka hadi leo kwa sababu kipuri cha chuma huchongwa upya, lakini betri huchakaa hata gari likilala gerejini. Mpango wa dhamana wa mwaka 2024, unaowaruhusu wamiliki wa magari mseto (yanayotumia petroli na umeme) kubadilishiwa betri katika mwaka wa 8 na wa 16, unaonyesha kwamba Maranello, makao makuu ya Ferrari, wanalijua hilo, ila mnunuzi wa mkono wa tatu bado anastahili kuelezwa nini kitafuata baada ya hapo.

Msomaji wako,
Tanga