Karo la bei rahisi na tripu 73 za gari la majitaka

Juzi mama mmoja mwenye gesti Nyegezi alinipigia simu kwa hasira. Fundi mwingine kamwandikia nusu ya bei yangu ya kujenga karo, lile tangi la majitaka la chini ya ardhi, akaona nilitaka kumwibia. Si wa kwanza kuniambia hivyo mwaka huu, na maneno hayo yananiuma, maana makadirio yangu huwa nayakesha.

Mama yangu, karo lina bei ya siku ya kujenga na lina bei ya kila siku linapotumika. Fundi yule amekupa ya kwanza tu.

Tupige hesabu. Wageni 20, kila mmoja lita 100, ni lita 2,000 za majitaka kwa siku. Maji hayo yasipopata ardhi ya kuyanyonya, gari la lita 10,000 linajaa kwa siku 5. Kwa mwaka ni tripu 73. Tuseme tripu ni shilingi 100,000: hiyo ni 7,300,000, yaani shilingi 10 kila lita, mwaka hadi mwaka. Sasa chukua mfumo uliojengwa sawasawa, hata ukigharimu milioni 15 kwa miaka 10, kunyonya tope kila baada ya miaka 2 au 3 kukiwamo ndani. Lita moja inakuja kama shilingi 2.

Kinachowaponza wengi hapa Mwanza ni mawe. Mtu anachimba shimo moja, halina sakafu, halina vyumba viwili, akidhani maji yatajipenyeza yenyewe. Igogo niliitwa kwenye shimo la hivyo lililokaa juu ya mwamba. Mwenye nyumba alikuwa ameshatoboa ukuta na kuchomeka bomba, mvua ikinyesha analifungulia mtaroni. Mtaro unaishia ziwani, na ziwani ndiko tunakovuta maji ya bomba. Tulibomoa lote. Alilipa mara mbili, mbali na ugomvi na majirani.

Ndiyo maana kabla ya kuandika bei nachimba kishimo, nakijaza maji jioni, asubuhi nakijaza tena na kupima yanashuka kiasi gani kwa nusu saa. Wateja wanaona napoteza muda. Karo lenyewe linapunguza kama theluthi hadi nusu ya uchafu unaooza, kilichobaki ni kazi ya udongo. Pasipo udongo wa kutosha natandika kitanda cha kokoto na kupanda matete au mafunjo. Gharama inaongezeka, ndiyo, lakini hapo unalipia maji yaliyosafishwa kweli.

Wenye migahawa nanyi msiniondolee mtego wa mafuta kwenye makadirio, kile kisanduku kinachokamata mafuta ya jikoni kabla maji hayajafika karoni. Jamaa mmoja anayekaanga sato ufukweni aliufuta ili kuokoa tofali chache. Mafuta yakaganda kwenye bomba, yakaziba shimo la kunyonya, lile linalopenyeza maji ya karo ardhini, tukalifukua upya. Mtego hautaki fundi: ni kuchota mafuta kila wiki na kutomwaga maji ya moto moja kwa moja.

Na kama bomba la majitaka la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, linapita karibu nawe, sikujengei karo. Nitakwambia uunganishe, hata kama nakosa kazi.

Ukija kuomba makadirio, njoo na bili zako za maji za miezi 3. Mama wa Nyegezi, zako nitazipitia bure Jumamosi, na karatasi ya fundi yule uje nayo, tuiweke mezani pamoja na yangu.