VPN haikufichi kwa kila mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu VPN, yaani programu ya kuficha mawasiliano yako ya mtandaoni, maana wengi wanaipakua wakiamini kwamba hakuna tena awezaye kuwaona mtandaoni. Sivyo.

Programu hiyo husimba data zako, yaani huzigeuza kuwa fumbo, kabla hazijatoka kwenye simu, kisha huzipitisha kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni ya VPN, na kutoka hapo ndipo zinapoelekea tovuti unayoitaka. Mwenye Wi-Fi ya uwanja wa ndege haoni unatembelea wapi, na tovuti huona anwani ya mtandao ya seva badala ya yako. Kwa mfanyakazi anayefungua mafaili ya ofisi akiwa mbali, huu ni msaada mkubwa. Lakini ukishaingia kwenye akaunti yako, tovuti inakujua kwa jina. Na tapeli ukimpa nywila mwenyewe, VPN haina la kufanya.

Zinazonitia hofu hasa ni zile za bure. Yale ambayo mtoa huduma wako wa intaneti angeyaona, sasa anayaona mwenye VPN. Facebook iliinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN ikawa inakusanya taarifa za jinsi watu wanavyotumia simu zao, kisha ikaondolewa kwenye duka la programu la Apple mwaka 2018. Waliiweka wakitafuta ulinzi!

Nawasihi wasomaji wenzangu: kabla ya kupakua, angalieni nani anaimiliki na inahifadhi kumbukumbu gani. Mmiliki asipojulikana, iacheni.

Msomaji wako