Fonti ya pikseli imetoka na ukungu? Cheki saizi kwanza

Meseji tunayopata kuliko zote inakuja na skrinishoti halafu chini yake "kaka mbona fonti yenu ina ukungu?" Na kweli ukiivuta hiyo picha unaona herufi A ina mguu mmoja mnene na mwingine mwembamba wa kijivu, kama karatasi iliyonyeshewa.

Fonti yenyewe haina kosa jamani, tatizo saizi. Tumeichora kwa mtindo wa yale magemu ya kaseti ya kuchomeka kwenye TV, kila herufi inakaa kwenye kibokisi cha pikseli (vidoti) 8 kwa 8. Famicom, mashine ya magemu ya Nintendo ya 1983, picha yake ilikuwa na upana wa pikseli 256, yaani mstari mzima unaingia herufi 32 basi, na i inapewa nafasi ile ile ya m. Sasa wewe ukiweka saizi 20, gawa kwa 8 kila kidoti cha herufi kinapata pikseli 2.5 za skrini, na nusu pikseli skrini haina namna ya kuiwasha, kwa hiyo inapaka kijivu pembeni. Weka 16, 24 au 32. Na kama herufi umeziingiza Unity (programu ya kutengenezea magemu) kama picha, kwenye Filter Mode chagua Point.

Nafasi sawa kwa kila herufi ndo utamu wake kwenye pointi za mchezaji, namba zinapanda toka 1119 kwenda 1120 na hazichezi hata kidogo. Ila kwa Kiswahili ina balaa lake, ile koma ya juu ya ng' inakula kibokisi kizima peke yake, NG'OMBE inasomeka kama maneno mawili! Hapa tulihangaika sana, mwisho tukachora G nyembamba ya pikseli 5 tukaisukumia koma kwenye kona yake. Halafu kuna simu ukiandika koma hiyo zinakubadilishia kuwa ile iliyopinda, na fonti isiyo nayo inakuletea kiboksi kitupu au inaazima ya fonti nyingine, vichekesho. Ya kwetu ina zote mbili.

Menyu nazo zifupishe, "Endelea na mchezo" ni vibokisi 17 ukihesabu nafasi, zaidi ya nusu ya ule mstari wa 32. ENDELEA inatosha, mtu ataelewa.

Ukishaweka 16 na ukungu bado upo tutumie skrinishoti tuicheki bure, ila kwa WhatsApp itume kama dokumenti usiitume kama picha, maana WhatsApp inaibana na hatutajua ukungu ni wa nani.